Tangi la samaki limegeuka kijani? Weka hiyo sabuni chini kwanza

Siku uliyoleta tangi la samaki kwa keja yako, kila aliyeingia alilisifu. Uliliweka kando ya dirisha lipate mwanga, ukatia changarawe nyeupe, mimea miwili na samaki sita aina ya gapi. Picha ikapanda kwenye stetasi ya WhatsApp siku hiyo hiyo.

Wiki ya tano mambo yakageuka. Kioo kikashika utelezi wa kijani, majani yakaota kitu kama manyoya, na maji yakafanana na supu ya mboga. Jumamosi ukasema liwe liwalo. Ukawahamisha samaki kwenye beseni, ukamwaga maji yote, ukasugua changarawe na filta kwa sabuni ya unga, ukasuuza, kisha ukajaza maji mapya ya mfereji. Tangi likang'aa kama kioo cha kinyozi.

Jumatatu gapi wawili walikuwa wanaelea. Kufikia Alhamisi alibaki mmoja.

Kama kisa hiki kinakugusa, pole sana. Lakini elewa jambo moja: samaki wako hawakuuawa na ule mwani. Waliuawa na usafi wa Jumamosi.

Iko hivi. Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia, na amonia ni sumu kwao. Kinachowaokoa ni bakteria wanaoishi kwenye filta na changarawe. Kundi la kwanza hugeuza amonia kuwa nitraiti, ambayo bado ni sumu. Kundi la pili hugeuza nitraiti kuwa nitreti, ambayo samaki huivumilia isipozidi. Kujenga jeshi hilo huchukua kama wiki nne hadi sita. Wewe ulilimaliza kwa asubuhi moja, kwa sabuni na kwa klorini iliyo ndani ya maji ya mfereji. Amonia ikapanda, na hapakuwa na wa kuizuia.

Sasa turudi kwa huo mwani wenyewe. Ukisikia neno hilo huenda unawaza ule unaolimwa na kina mama kule Kibuyuni, Kaunti ya Kwale. Huu wa kwenye tangi ni jamaa yake mdogo wa maji baridi. Unataka vitu viwili tu: mwanga na chakula. Chakula chake ni nitrojeni na fosforasi zinazotokana na uchafu wa samaki na chakula unachowamwagia. Vikizidi, mwani utakuja hata usugue tangi kila siku. Kwa hivyo usiuchukulie kama ugonjwa. Uchukulie kama ripoti inayokueleza kitu gani kimezidi.

Anza na mwanga. Nairobi iko karibu na ikweta, kwa hivyo jua lipo takriban saa 12 kila siku, mwaka mzima. Tangi likikaa dirishani linapigwa na jua hilo, halafu jioni unaliongezea taa hadi usiku wa manane kwa sababu linapendeza. Hiyo ni karamu ya mwani. Lisogeze mbali na dirisha. Washa taa ya tangi kwa saa sita hadi nane kwa siku, si zaidi. Kama unasahau kuzima, nunua taima ya kuchomeka kwenye soketi ikufanyie hiyo kazi.

Pili, chakula. Lisha mara moja kwa siku, kiasi ambacho samaki watamaliza ndani ya dakika mbili. Kile kinachozama na kuoza chini hakiwasaidii samaki. Hicho ni mbolea ya mwani.

Tatu, na hapa ndipo wengi hukwama, ongeza mimea. Unaweza kufikiri mimea itazidisha ukijani, kumbe ni kinyume. Mmea na mwani hugombania chakula kile kile. Mimea ikiwa mingi na inakua kwa kasi, mwani hulala njaa. Miwili pembeni haitoshi. Ni urembo tu.

Huhitaji ya bei ghali. Honwoti, ambayo wataalamu huiita Ceratophyllum demersum, huelea bila mizizi, hukua upesi na hunyonya nitrojeni kwa pupa. Valisneria, yenye majani marefu kama utepe, hupandwa kwenye changarawe na huzaa machipukizi yenyewe. Anubiasi, mzaliwa wa Afrika Magharibi, haihitaji mwanga mkali, ila hukua polepole. Kosa linaloiua ni kufukia kile kishina chake kinene kinacholala. Kikifunikwa na changarawe huoza. Kifunge kwa uzi kwenye jiwe au kipande cha gogo, mizizi itashika yenyewe. Java feni nayo ni vivyo hivyo.

Usishtuke mimea ikipoteza majani wiki za kwanza. Kriptokorine, kwa mfano, huweza kuyeyuka majani yote ikihamishwa, kisha ikachipua upya kutoka kwenye mizizi. Ondoa majani yaliyooza, mizizi uiache. Ukiing'oa kila wiki kuangalia kama imeshika, haitashika.

Nne, badilisha maji kidogo kidogo. Kila wiki toa robo ya maji, basi. Nyonya uchafu wa chini kwa paipu, kisha rudisha maji yaliyotulia kwenye ndoo wazi usiku kucha au zaidi, au yaliyotiwa dawa ya kuondoa klorini. Hiyo dawa ndiyo salama zaidi, kwa sababu kuna aina za klorini zisizotoka kwa kuacha maji yakae. Kama mtaa wenu una mgao wa maji, panga siku ya tangi iwe siku maji yanapokuja. Filta usiioshe kwa mfereji. Ikamue ndani ya yale maji machafu uliyotoa kwenye tangi, ili bakteria wabaki hai. Halafu usiyamwage maji hayo. Sukuma wiki zako za kwenye debe pale balkoni zitakushukuru.

Kabla ya kushika chochote, soma rangi. Vumbi la kahawia kwenye tangi jipya kwa kawaida ni daiatomu. Lipanguse na uvumilie, mara nyingi hutoweka lenyewe tangi likikomaa. Kijani kilichoganda kwenye kioo kinasema mwanga umezidi. Kikwangue kwa kadi ya benki iliyoisha muda. Maji yenyewe yakiwa ya kijani, zima taa, funika tangi kwa blanketi siku tatu, acha pampu ya hewa ikifanya kazi, kisha badilisha sehemu ya maji. Ukiona utelezi wa kijani-buluu wenye harufu mbaya, huo si mwani hasa bali ni bakteria. Unyonye kwa paipu, punguza chakula na hakikisha maji yanazunguka vizuri.

Muuzaji anaweza kukuambia ununue pleko, samaki wa kunyonya vioo, mambo yaishe. Muulize kwanza atakua hadi wapi. Pleko wa kawaida huweza kupita sentimita 30. Hilo tangi lako la lita 40 litakuwa jeneza lake. Isitoshe, naye anakula na kujisaidia humo humo. Konokono pia ni hivyo. Hao ni wasaidizi. Kazi yako haitaondoka.

Haya mambo hayaishii kwenye kioo chako. Ghuba ya Winam, upande wetu wa Ziwa Victoria, hugeuka kijani kwa sababu zile zile: mbolea ya mashambani na majitaka ya miji huingia ziwani, jua linawaka, na viumbe vya jamii ya ule utelezi wa kijani-buluu vinafurahi. Kule hakuna wa kubadilisha robo ya maji kila Jumamosi.

Na lile gugu maji linalowanyima wavuvi wa Kisumu njia ya kupita na mashua? Asili yake ni Amerika Kusini. Lililetwa Afrika kama pambo, kwa sababu ya maua yake mazuri ya zambarau. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 lilikuwa limeonekana Ziwa Victoria, na hadi leo halijaisha. Mtu fulani mahali fulani alipenda ua.

Ndiyo maana mimea ikijaa tangini na unataka kuipunguza, usiitupe mtaroni wala mtoni. Mitaro ya Nairobi huishia Mto Athi, na Athi husafiri hadi Bahari Hindi kupitia Sabaki, karibu na Malindi. Kipande kimoja cha honwoti kinatosha kuanzisha kichaka kizima. Ianike juani hadi ikauke kabisa, kisha ichanganye na udongo wa maua, au mpe rafiki anayeanza. Samaki usiowataka nao wape mtu, usiwaachilie mtoni.

Sasa yule gapi mmoja aliyebaki. Usimwongezee wenzake wiki hii. Mjazie mimea, mpe chakula kidogo, na umbadilishie maji kidogo kila siku hadi bakteria warudi. Baada ya wiki chache, chungulia mchana taa ikiwa imewaka. Huenda ukaona vipovu vidogo vimeshikamana na majani. Hiyo ni oksijeni, ishara kwamba mimea imeanza kazi.

Kijani kidogo kikibaki pembeni mwa kioo, kiache. Jumamosi ukishikwa na hamu ya kusafisha, chukua ndoo moja tu. Sabuni iache bafuni.