Je, Rimu Hizi Zitakubali Gari la Usharika?



Katika toleo hili tunapenda kueleza jambo linaloonekana kuwa la mafundi peke yao, lakini ambalo mara nyingi huamuliwa mezani na kamati: ununuzi wa rimu za gari. Maombi ya aina hii huletwa ofisini kwetu mara kwa mara. Rimu za gari la usharika zimepinda kwa kugonga mawe, na mjini Morogoro kuna duka lenye rimu za mtumba zinazong'aa kwa bei nafuu. Au marafiki wa ng'ambo wameandika kwamba wako tayari kutuma rimu nne kama zawadi. Kwa kawaida kamati huuliza swali moja tu: zina matundu mangapi? Swali hilo ni la lazima, ila halitoshi.

Magari yetu hayakai kwenye lami. Yanapanda kutoka Sangasanga na Mlali kwenda Mgeta na Nyandira, au yanapita Bigwa kuelekea Matombo na Mvuha wakati wa masika, yakiwa yamebeba kwaya, mgonjwa au mabati ya kanisa. Kwenye kona za Uluguru upande mmoja ni mlima na upande wa pili ni bonde. Rimu isiyokaa sawasawa huweza kuvumilia wiki nzima mjini ikaja kulegea siku gari limejaa watu na liko mteremkoni.

Tuanze na hayo matundu. Pamoja na idadi yake, unahitajika upana wa duara linalopita katikati ya matundu yote. Kwa rimu ya matundu manne au sita kazi ni rahisi: pima kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya tundu linalotazamana nalo. Ya matundu matano haina matundu yanayotazamana, hivyo pima kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya jirani yake, kisha zidisha kwa 1.7. Ukipata milimita 67 hivi, duara ni 114.3, ambalo ndilo la RAV4 na Nissan X-Trail. Ukipata 88, duara ni 150. Ukipata 97, hiyo ni ya Land Rover Defender ya zamani, 165.1. Pima kwa makini, kwa sababu duara la 112 na la 114.3 huachana kwa zaidi kidogo ya milimita moja ukipima tundu kwa jirani yake. Yupo fundi atakayekuambia kwamba matundu yanaweza kutanuliwa kidogo kwa tupa. Mshukuruni, kisha ondokeni na rimu zenu.

Hapa ndipo jina la gari linapodanganya. Hilux nyingi za kuendesha magurudumu yote zina nati sita kwenye duara la 139.7, na Prado vilevile. Lakini zipo Hilux za magurudumu mawili zenye nati tano. Hardtop za kabla ya 1999 zilikuwa na nati sita. HZJ78 iliyoanza mwaka huo ina nati tano kwenye duara la 150. Kisha Land Cruiser ya 300, iliyotoka mwaka 2021, imerudi kwenye nati sita. Kwa hiyo barua ya maombi inayosema "tunaomba rimu za Land Cruiser" haijasema kitu. Mfadhili anaweza kujinyima na kulipa meli, na rimu zikaishia stoo.

La pili ni tundu kubwa la katikati, linaloingia kwenye habu. Rimu nyingi za kiwandani hukaa juu ya habu yenyewe, na nati kazi yake ni kuibana hapo. RAV4 na X-Trail zina duara moja la matundu, lakini habu ya RAV4 ni milimita 60.1 na ya X-Trail ni 66.1. Rimu ya RAV4 haitaingia kabisa kwenye X-Trail. Ya X-Trail itaingia kwenye RAV4, na hilo ndilo baya zaidi, kwa sababu linafurahisha watu: kuna nafasi ya milimita 3 kuzunguka habu, rimu haikai katikati, na usukani unatetemeka. Zipo pete za kuziba nafasi hiyo, nazo zinafaa zikiwa za kipimo kamili. Vivyo hivyo rimu ya Land Cruiser 300, yenye tundu la milimita 95, haiwezi kuingia kwenye habu ya Prado yenye 106, ingawa matundu sita yanalingana.

La tatu ndilo linalosahaulika kuliko yote. Nyuma ya rimu nyingi za aloi mtaona namba kama 7J na ET30, au +30. Ya kwanza ni upana kwa inchi. Ya pili ni umbali kwa milimita kutoka mstari wa katikati ya upana wa rimu hadi uso unaogusa habu. Namba hii ikipungua, gurudumu linatoka nje. Tuseme gari lina rimu ya inchi 7 yenye ET30, na kamati imependa ya inchi 8 yenye ET0. Upana umeongezeka milimita 25, yaani karibu 13 kila upande, na rimu nzima imesogea nje milimita 30. Ukingo wa nje umetoka karibu milimita 43! Tairi litakwangua madigadi usukani ukikatwa, na beringi zitabeba mzigo kwa namna ambayo hazikutengenezewa. Namba ikizidi, matatizo huhamia ndani: rimu hugusa breki au tairi hugusa shokapu. Vijana wengi hupenda magurudumu yaliyotoka nje. Kwa gari la harusi mjini sawa, lakini si kwa gari la Matombo.

Nati nazo zina tabia zake. Za Toyota nyingi ni za milimita 12 zenye nyuzi za 1.5, na za Nissan nyingi ni za 1.25. Nati isiyo yake ikilazimishwa kwa spana huharibu nyuzi za stadi. Aidha, rimu za chuma hubanwa na nati zenye kichwa cha koni, wakati rimu nyingi za aloi za Toyota hutumia nati ndefu yenye washa bapa. Koni ikibana mahali palipotengenezewa washa bapa, hugusa ukingo tu na hulegea. Nati ya nyuzi za 1.5 iingie angalau mizunguko 8 kwa mkono kabla ya kukaza, na ya 1.25 mizunguko 10.

Kuhusu uzito, angalieni alama iliyopigwa kwenye rimu. Rimu za Japani zenye JWL ni za magari madogo, na zenye JWL-T ni za malori na mabasi. Nyingine huandikwa kilo kabisa. Tairi nalo lina namba yake: 91 hubeba kilo 615, 100 hubeba 800, 112 hubeba 1,120. Chukueni uzito wa juu unaoruhusiwa kwa gari lenu, mkikumbuka kwamba gari likijaa, magurudumu ya nyuma hubeba zaidi ya nusu.

Rimu kubwa huleta swali la tairi. 265/70R16 na 265/65R17 zina kimo karibu sawa, milimita 777 na 776, hivyo kipima mwendo hakidanganyi. Lakini ukienda hadi inchi 20 kwa 265/50, ubavu wa tairi unashuka kutoka milimita 185 hadi 132. Huo ubavu ndio unaolinda rimu na mawe.

Kabla ya kulipa, mwombeni muuzaji awaruhusu kufunga rimu moja tupu, bila tairi, mbele na kisha nyuma. Izungusheni kwa mkono gari likiwa kwenye jeki, mkitazama breki. Kisha fungeni yenye tairi, shusheni gari, pakieni watu, na kateni usukani hadi mwisho pande zote mbili. Muuzaji akikataa, tafuteni mwingine. Zikishafungwa, nati zikazwe kwa kuruka moja baada ya nyingine, na zikazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100.

Kwa wafadhili wetu, tunaomba kabla ya kununua au kusafirisha mtutumie picha ya nyuma ya rimu inayoonyesha namba zake zote, pamoja na picha ya nati. Kwa sharika, andikeni kwenye barua ya maombi namba ya chasisi, mwaka wa gari, idadi ya nati, duara, kipimo cha habu na namba iliyo kwenye rimu za sasa. Ofisi ya miradi ina tepu na verniya. Gari likiletwa siku ya kazi pamoja na dereva wake, tutapima na kujaza karatasi hiyo kabla hajaondoka.