Twiga wa Malindi na Kiti cha Mfalme wa China

Ukifika Changamwe, Mombasa, kwa wachongaji wa Kikamba, ambao ushirika wao upo hapo tangu miaka ya 1960, utawakuta twiga wa mbao wamepangwa safu kwa safu. Wanunuzi wengi huwaona pambo tu. Hata hivyo, twiga wa pwani hii aliwahi kupokewa katika ikulu ya China kama baraka kutoka mbinguni. Ili kisa hicho kieleweke, sharti kwanza tuzisome nakshi za samani za wafalme wa huko.

Samani zao za fahari zilipakwa laka, yaani utomvu wa mti wa Asia ya Mashariki. Fundi alipaka tabaka jembamba, akaliacha likauke penye unyevunyevu, kisha akapaka jingine. Kwa kazi ya kuchongwa, matabaka yaliweza kupita mia. Wekundu ulitokana na madini yenye zebaki. Ndipo patasi ikaingia.

Kazi ya subira namna hiyo haikupambwa ovyo. Kama ilivyo kanga, kila nakshi ilisema neno. Joka la kucha tano lilikuwa la mfalme. Popo, anayeogopwa na wengi kwetu, kule ni heri, maana jina lake hutamkwa sawa na neno la neema. Popo watano ni baraka tano: umri mrefu, mali, afya, kupenda wema na mwisho mwema. Tunda la pichi na ndege korongo huomba maisha marefu. Kiti cha enzi cha Mfalme Qianlong cha karne ya 18, kilichoko katika Makumbusho ya Victoria and Albert, London, kina tembo aliyebeba chombo mgongoni. Hiyo ni dua ya amani.

Katika kundi hilo la ishara yumo qilin, mnyama wa hadithi, mpole asiyekanyaga hata jani bichi. Inaaminika hujitokeza pale tu mtawala anapokuwa mwadilifu. Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walimpelekea Mfalme Yongle twiga. Maafisa wake wakasema ndiye qilin, naye mfalme akatoka mwenyewe kumpokea langoni. Ishara hiyo ilimfaa sana, kwani mwaka 1402 alikitwaa kiti kwa kumpindua mtoto wa kaka yake, na alihitaji kuonekana kwamba mbingu zimemridhia.

Basi nakshi za heri zilimwombea mfalme na papo hapo zikamtetea. Zilimwambia kila aliyeinama mbele ya kiti kwamba aliyekikalia anastahili.

Naona wachongaji wa Changamwe wana mali wasiyoitumia ipasavyo. Kila twiga anayeuzwa aambatane na karatasi ndogo yenye kisa cha 1415. Mnunuzi ajue kwamba anachukua mnyama aliyetoka pwani hii na kuupa utawala wa China ushahidi uliokuwa ukiutafuta.