Kompyuta Mpakato Inapovuma na Kuchemka

Sisi akina mama tunazijua sauti za nyumba zetu. Tunajua jokofu linapoanza kunguruma, na usiku tunajua ni mtoto yupi amekohoa. Siku hizi imeongezeka sauti nyingine: kompyuta mpakato juu ya meza ya kulia chakula, inavuma kama mashine ya kusaga, na kazi yenyewe haiendi. Unabonyeza herufi, unasubiri. Ukigusa chini ni moto kama pasi. Mara inajizima, na kazi ya kijana ya chuoni, au mahesabu ya kikundi cha kuweka na kukopa, yamekwenda na maji.

Hapo ndipo maneno huanza. Baba anauliza nani aliitumia mwisho, na mtoto aliyekuwa akicheza michezo anaitwa kujibu mashtaka. Jirani naye anashauri inunuliwe nyingine, kwa kuwa hii imezeeka. Kabla ya kumgombeza mtoto, na kabla ya kuchukua akiba ya ada ya shule kununulia mashine mpya, yafaa tujue ile feni inalalamikia nini. Mara nyingi inalalamikia vumbi tu.

Jinsi inavyopozwa

Ndani ya kompyuta kuna prosesa, ambayo tunaweza kuiita ubongo wake, na inapofanya kazi hutoa joto. Joto hilo husafirishwa na mrija bapa wa shaba hadi pembeni, penye vipande vyembamba vya chuma vilivyopangwa kama meno ya kitana. Feni huvipuliza vipande hivyo. Ni rejeta ya gari, ila imefanywa ndogo. Katika mashine nyingi hewa ya kawaida huingia kwa matundu ya chini, na ya moto hutokea ubavuni au nyuma, karibu na bawaba za kioo.

Prosesa nyingi zimewekewa kikomo cha nyuzi 95 hadi 100 za sentigredi, yaani karibu na joto la maji yanayochemka. Zikifika hapo hupunguza mwendo zenyewe ili zisiungue, na joto likizidi, mashine nzima hujizima. Kwa hiyo ule uvivu unaotuudhi si lazima uwe uzee. Kompyuta inajiokoa.

Sasa fikiria hewa inayovutwa siku nzima katika nyumba zetu: vumbi la barabara wakati wa kiangazi, majivu ya mkaa, unga, nywele, nyuzi za blanketi. Vyote hunasa kati ya feni na ile rejeta, vikashikamana mpaka vikawa kama kipande cha blanketi kuukuu ambacho ungeweza kukibandua kwa vidole. Feni inazunguka kwa nguvu zote, lakini hewa haipiti. Mashine inayokaa jikoni huziba upesi zaidi, kwa sababu mvuke wa mafuta ya kukaangia huligandisha vumbi. Mende nao hulipenda joto lile, na fundi akifungua hukuta walimozaliana.

Jina lenyewe, mpakato, limetoka katika kupakata, kama tunavyompakata mtoto mapajani. Lakini mapajani ndipo inapokosa pumzi, kwa maana kanga na vitenge huziba matundu ya chini. Kitandani ni vibaya zaidi: inazama katika godoro kama kuku anayeatamia. Isitoshe, madaktari wameeleza juu ya watu, watoto wakiwamo, waliopata mabaka ya ngozi mapajani kwa kupakata kompyuta ya moto kila siku kwa muda mrefu. Kijana akitaka kusomea kitandani, mpe ubao au sinia gumu la kuiwekea.

Sikiliza sauti yake

Weka kiganja pale hewa inapotokea. Ikiwa feni inavuma sana lakini hewa inayotoka ni hafifu, njia imeziba. Ikiwa hewa inatoka kwa nguvu nzuri na feni haitulii, huenda feni ni nzima ila kazi ni nyingi mno. Katika mashine zenye Windows bonyeza kwa pamoja Ctrl, Shift na Esc, utaona orodha ya programu na ni ipi inayoitumikisha prosesa. Mara nyingi ni kurasa nyingi za intaneti ambazo watoto wameziacha wazi, au programu ya kukinga virusi inayopekua mashine nzima. Hiyo iachie imalize.

Sauti ya kukwaruza au kugonga, kama kijiko ndani ya kikombe, ni jambo lingine. Hapo ama kuna kitu kimeingia kwenye mapanga ya feni, ama ekseli yake imelika. Feni ambayo huanza, ikasita, ikaanza tena iko karibu kufa. Mashine za HP huonyesha namba 90B zinapowashwa ikiwa feni haizunguki sawasawa. Usilizoee onyo hilo kwa kubonyeza tu na kuendelea. Na mashine iliyokuwa ikivuma, kisha ikanyamaza huku ikizidi kuchemka, izime mara moja. (Zipo zisizo na feni kabisa, kama MacBook Air za tangu mwishoni mwa 2020. Ukimya wa hizo si ugonjwa.)

Kusafisha

Zima kabisa, si kufunga kifuniko tu, uchomoe na chaja. Nenda nayo barazani, maana kitakachotoka hutakitaka sebuleni. Tumia kopo la hewa iliyoshindiliwa, linalouzwa kwenye maduka ya vifaa vya kompyuta, na upulize kwa vipindi vifupi, kopo likiwa wima. Kama mapanga ya feni yanaonekana, yazuie kwa kijiti cha meno yasizunguke, kwa kuwa hewa ile huyazungusha kupita kiasi na kuiharibu feni. Kupuliza kwa mdomo huingiza mate. Mashine ya kufyonza vumbi la zulia nayo iache, kwa sababu inaweza kuzalisha umeme tuli ambao huua vitu vidogo vya ndani.

Tusidanganyane: kupuliza kwa nje husaidia vumbi jepesi. Lile blanketi tulilolisema huondoka vizuri pale mashine inapofunguliwa, na kazi hiyo ni heri apewe fundi, isipokuwa kama nyumbani yuko mwenye mkono mtulivu. Huyo ajue kuchomoa waya wa betri kwanza, na kuzipanga skrubu kwenye karatasi kama zilivyokaa. Hazilingani urefu, na ndefu ikikazwa kwenye tundu la fupi inaweza kutoboa.

Kwa fundi, sema wazi unachotaka: asafishe feni na rejeta, na abadilishe pesti iliyo juu ya prosesa. Pesti hiyo hupitisha joto kutoka prosesa kwenda kwenye shaba, na baada ya miaka kadhaa hukauka. Inatosha kidogo tu, kama punje ya njegere. Kama feni imelika, inunuliwe yenye namba ileile iliyoandikwa juu yake. Wapo mafundi wanaotia tone la mafuta. Kelele hupungua, kisha mara nyingi hurudi. Naye anayekuambia ubao mkuu umekufa kabla hajafungua hata skrubu moja, mshukuru, chukua mzigo wako.

Jambo moja halingoji mwisho wa mwezi. Joto la muda mrefu huidhoofisha betri, na betri iliyoharibika huweza kuvimba. Utaona kifuniko hakifungi sawasawa, au kibodi imeinuka, au mashine inayumba mezani. Ukiona hivyo usiichaji tena, usiiache kitandani wala karibu na watoto, na usimruhusu mtu kuibonyeza au kuitoboa. Ipelekwe kwa fundi ikiwa imezimwa. Betri hiyo isitupwe kamwe katika shimo la taka tunalochoma moto nyuma ya nyumba, maana inaweza kulipuka. Mwachie fundi aipeleke inapopokelewa taka za umeme.

Unapokwenda kuichukua mashine, usilipe ukaondoka. Iwashwe pale pale juu ya meza yake, ichezeshwe video kwa nusu saa, nawe uweke kiganja penye tundu la hewa. Kama amebadilisha feni, omba akukabidhi ile ya zamani.