Mafuriko ya Mto Tana: Siku Tatu Tulizozipoteza

Wahenga walinena kwamba tahadhari kabla ya hatari. Methali hii nimeiandika katika insha nyingi, na mwalimu akaitia alama ya vyema. Lakini maana yake hasa niliijua likizo ya Aprili mwaka wa 2024, maji ya Mto Tana yalipotukuta tumelala.

Wenzangu shuleni huniuliza, "Nyinyi watu wa Tana, mkiona mvua si mhame?" Mpenzi msomaji, kwetu karibu na Garsen hiyo mvua mara nyingi hatuioni! Mto Tana, ulio mrefu kuliko yote nchini Kenya, huanzia Mlima Kenya na milima ya Aberdare. Hupita Garissa na Hola, kisha ukafika kwetu kabla ya kuingia Bahari ya Hindi karibu na Kipini. Mvua ikinyesha huko juu, maji huchukua siku kadhaa kutufikia. Yaani unaweza kufurikiwa na jua linawaka.

Aidha, huko juu kuna mabwawa matano ya umeme: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Masinga, lililokamilika mwaka wa 1981, ndilo kubwa kuliko yote. Mabwawa haya huzuia maji mengi, lakini yakijaa pomoni, maji ya ziada hayana budi kumwagika na kuteremka kwetu.

Ndivyo ilivyokuwa. Vuli ya mwaka wa 2023 ilikuwa ya El Niño. Bahari ya Pasifiki ilipata joto, na Bahari ya Hindi upande wetu nayo ikawa na joto kuliko upande wa Indonesia. Mvua ikapita kiasi na ardhi ikashiba. Basi pepo za kusi zilipoanza kuvuma na masika ya mwaka wa 2024 kuingia, udongo haukuwa na nafasi tena ya kunywa maji.

Siku hiyo nilikuwa nikisikiliza redio ya babu. Mtangazaji akasema mabwawa yanajaa, na wakaazi wa Tana ya chini wahamie nyanda za juu. Nilimkimbilia babu.

"Babu, redio inasema tuhame."

Babu alicheka. "Mjukuu wangu, mwaka wa 1997 maji yaliishia pale kwenye mwembe. Hayajawahi kuupita. Hiyo redio inaujua mto kuliko mimi?"

Mama alisema tungoje kidogo. Baba alikuwa na wasiwasi juu ya mahindi yaliyokuwa karibu kukomaa. Siku ya kwanza ikapita, ya pili, ya tatu. Mbingu zilikuwa nyeupe kama pamba. Hata mimi nikaanza kuamini ule mwembe.

Usiku wa nne kuku walipiga kelele. Niliposhusha mguu kitandani, niliukanyaga mto! Lahaula! Giza lilikuwa totoro na taa haikuonekana. Nilimbeba nyanya mgongoni, baba akawashika wadogo zangu mikono, tukayafuata maji ya magotini tukielekea mwinuko ulio nyuma ya kijiji. Baadaye nilijifunza kwamba maji ya kasi, hata yasipofika magotini, yaweza kumwangusha mtu mzima. Tulinusurika kwa kudra za Mwenyezi Mungu, wala si kwa akili zetu.

Kulipokucha tuliutazama mwembe. Maji yalikuwa yameuzunguka na kuupita mbali. Mbuzi sita hawakuonekana. Sanduku la bati lililokuwa na vitabu vyangu, kitambulisho cha mama na vyeti vyetu vya kuzaliwa, lilikuwa limekwenda na maji.

Tuliishi chini ya turubai wiki nyingi. Shule zilizokuwa zifunguliwe tarehe 29 Aprili ziliahirishwa nchi nzima hadi tarehe 13 Mei, lakini kwetu barabara ilikuwa bado chini ya maji. Mwaka uliofuata, wenzangu walipokuwa wakijisajili kwa mtihani wa kidato cha nne, mimi nilikuwa natafuta cheti kipya kwa nauli ambayo baba aliikopa.

Kwa muda mrefu nilimlaumu babu moyoni. Kisha siku moja nikajiuliza: je, nilihitaji ruhusa ya babu kutia vyeti kwenye mfuko wa plastiki? Nilihitaji ruhusa kumwaga taa mafuta na kuiweka karibu na kitanda? Kuwapeleka mbuzi sita mwinukoni? Hayo yote yangechukua saa moja. Nami nilikuwa na siku tatu.

Ndugu msomaji, kujitayarisha si lazima kuhama. Mto huo huo hutuletea udongo wenye rutuba, hatuwezi kuukimbia milele. Kujitayarisha ni mambo madogo. Jueni mwinuko ulio karibu na njia ya kufika huko usiku. Fungeni vyeti na dawa pamoja, pahali pa kunyakua. Kubalianeni mapema ni nani atakayembeba mzee na ni nani atakayewashika watoto. Chomekeni mti wenye alama kando ya mto muone maji yanavyopanda. Msivuke maji yanayokwenda kasi. Na mafuriko yakishatokea, chemsheni maji ya kunywa, kwa sababu kipindupindu hufuata nyuma.

Nawe unayeishi Nairobi, Budalang'i au Nyando usiseme haya ni ya Tana tu. Kila pahali pana mwembe wake, ile alama tunayodhani maji hayawezi kuipita.

Sasa babu ndiye anayefungua redio saa ya habari. Vyeti vyetu vinaning'inia darini ndani ya mfuko. Juzi nilimsikia akimwambia jirani, "Mwembe ni wa maembe bwana, si wa kupimia mto."