Ini na kazi za mikono (2): Chupa isiyo na jina

Juma lililopita tuliliacha ini likiwa limebeba mizigo miwili: virusi vya homa ya ini aina ya B, na sumukuvu ya kwenye karanga na mahindi yaliyowekwa ghalani yakiwa na unyevu. Msomaji mmoja wa Chikongola, hapa Mtwara, akanipigia simu kuuliza mbona sikuitaja gesi.

Nimjibu kwanza. Gesi inayochimbwa Ghuba ya Mnazi, kule Msimbati, na kusafishwa Madimba, karibu yote ni metani. Metani ikivuja inaweza kulipuka, na ikijaa chumbani huifukuza hewa tunayoivuta, lakini haijapata kuhusishwa na saratani ya ini. Tangu gesi igunduliwe mwaka 1982, na zaidi tangu bomba la kwenda Dar es Salaam lizinduliwe 2015, nimesikia maradhi mengi yakisingiziwa mitambo ile. Ningemwomba msomaji wangu atazame karibu zaidi na nyumbani kwake, chini ya mwembe wa gereji, kwenye chupa ya maji ya lita moja na nusu ambayo ndani yake hamna maji.

"Hiki nini?" nilimuuliza kijana mmoja aliyekuwa akibandua rangi ya mlango wa gari.

"Thina, mzee."

"Thina gani?"

"Ya kutolea rangi. Ile inayowasha. Dukani wanatupimia kutoka kwenye pipa."

"Na pipa limeandikwa nini?"

Akacheka. "Limepakwa rangi juu, mzee. Halisomeki."

Thina, kwa lugha ya gereji, ni kimiminika chochote kinachoyeyusha rangi, grisi au gundi. Wataalamu huviita viyeyushi, na viko vya koo nyingi. Ile thina ya kawaida ya kupunguzia rangi mara nyingi ni mchanganyiko wa toluini, zailini, asetoni na spiriti. Huumiza kichwa, hulevya, na ikivutwa miaka mingi huharibu ubongo na neva. Ila ushahidi wa kuifunga kwa saratani ya ini ni hafifu, na haki itendeke hata kwa thina.

Viyeyushi vinavyoliandama ini ni vya ukoo mwingine, wenye klorini ndani yake: diklorometani ya kubandulia rangi kuukuu, triklorethilini ya kuondolea grisi kwenye vyuma, perklorethilini ya kufulia suti kwa dobi wa mashine. Vingi kati ya hivi ni vizito kuliko maji na havishiki moto upesi. Sifa hiyo ndiyo iliyovipatia soko. Fundi aliyewahi kuona petroli ikimuunguza mwenzake, ukimpa kitu kinachosafisha injini bila kuwaka, atakikataaje?

Mvuke wake huingia kwa pua, na chenyewe hupenya ngozi ya mkono unaonawa rangi jioni. Kikishafika kwenye damu, ini hukipokea na kuanza kukivunja ili kitoke mwilini. Ubaya uko hapo: katika kuvunjwa huzaliwa vipande vikali kuliko kiyeyushi chenyewe, vinavyong'ang'ania protini na vinasaba vya seli. Kimojawapo cha vimeng'enya vya ini vinavyofanya kazi hiyo huongezeka kwa mtu anayekunywa pombe kila siku. Kaboni tetrakloridi, ya ukoo huohuo wa klorini, ndiyo mfano unaojulikana zaidi: ini la mzoefu wa pombe ya nipa huigeuza kuwa sumu haraka kuliko ini la asiyekunywa. Na wale wanaoamini kwamba glasi ya maziwa baada ya kupuliza rangi husafisha sumu, wajue maziwa ni chakula kizuri. Basi.

Kisa kinachonisumbua zaidi kilitokea Osaka, Japani. Katika idara moja ya kiwanda kidogo cha uchapaji, wafanyakazi walifuta wino kwenye mashine kwa kitambaa kilicholoweshwa kiyeyushi, mamia ya mara kwa siku, ndani ya chumba chenye hewa nzito. Kiyeyushi hicho kilikuwa dikloropropani, ambayo wakati huo haikuwamo kwenye orodha ya viyeyushi vilivyodhibitiwa na sheria ya nchi ile. Mwaka 2013 mtafiti Shinji Kumagai na wenzake walichapisha hesabu yao: kati ya watu 62 waliofanya kazi katika idara ile baina ya 1991 na 2006, 11 walipata saratani ya mirija ya nyongo, mirija inayoanzia ndani ya ini. Walipogunduliwa walikuwa na umri wa miaka 25 hadi 45, ilhali saratani hiyo kwa kawaida huwapata wazee. Ugonjwa ulijitokeza miaka 7 hadi 20 tangu waanze kuuvuta mvuke ule. Mwaka 2014 wakala wa kimataifa wa utafiti wa saratani, wenye makao yake Lyon, Ufaransa, uliiweka dikloropropani katika kundi la kwanza, la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu bila shaka.

Vingine havijafikia ukali huo wa ushahidi kuhusu ini. Triklorethilini imo kundi la kwanza kwa sababu ya saratani ya figo. Kwa ini, ushahidi bado ni mdogo. Diklorometani na perklorethilini zimo kundi la pili, la vitu ambavyo yaelekea vinasababisha saratani.

Lakini katika kisa cha Osaka namba inayonishika ni ile 62, kuliko hata 11. Kumagai aliweza kuhesabu. Ilijulikana nani alifanya kazi chumba gani, miaka gani, akishika kemikali gani. Hamishia kisa hicho hapa kwetu. Kijana anapiga rangi Majengo miaka minne, anahamia Masasi, msimu wa korosho anarudi kubangua, kisha anakwenda Dar es Salaam. Miaka kumi na tano baadaye anavimba tumbo upande wa kulia na macho yanageuka manjano. Anapokelewa hospitali ya Ligula, anapelekwa Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo, pengine hadi hospitali ya saratani ya Ocean Road. Anaulizwa kazi yake, anajibu: fundi. Wenzake kumi na mmoja wa gereji ile wakiugua vilevile, kila mmoja katika mji wake, kila mmoja atazikwa peke yake na hakuna atakayewajumlisha.

Tuna sheria ya kusimamia kemikali za viwandani na majumbani tangu 2003, na msimamizi wake ni Mkemia Mkuu wa Serikali. Inataka kemikali iwe na lebo. Lebo inakufa pale kimiminika kinapohama kutoka kwenye pipa kwenda kwenye chupa ya maji.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza ni kwa wenye maduka ya rangi: andikeni jina juu ya chupa, jina lilelile la kwenye pipa. Wenye gereji, nunueni daftari. Andikeni nani anafanya kazi, tangu lini, na anatumia nini. Nawe fundi, bandua rangi mahali pa wazi, nawa kwa sabuni, usivute kiyeyushi kwa mpira na mdomo. Barakoa ya kitambaa huzuia vumbi, haizuii mvuke. Tena kapime homa ya ini B. Watoto walianza kuchanjwa nchini mwaka 2002. Kama ulizaliwa kabla ya hapo, huenda hukuipata chanjo hiyo, na ini lenye virusi halihitaji mzigo wa tatu.

Juma lijalo: Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi 2015, na kwa nini fundi wa chini ya mwembe mara nyingi hayumo.