Nani aliyeua ukanushi maradufu wa Kiingereza?

Walimu wengi wa Kiingereza hufundisha kwamba vikanushi viwili katika sentensi moja hufutana, kama hasi mara hasi inavyozaa chanya. Kwa hesabu hiyo, anayesema "I don't know nothing" amekiri kuwa anajua kitu. Hoja ina sura ya mantiki, ila historia inaikataa. Mwishoni mwa karne ya 14, mshairi Chaucer alitumia vikanushi vinne katika sentensi moja kueleza kwamba shujaa wake mpanda farasi hakuwahi kumtolea mtu maneno machafu. Kila kikanushi kilikazia kilichotangulia.

Anayetajwa sana kuwa muuaji ni Robert Lowth, kasisi aliyetoa kitabu cha sarufi katika miaka ya 1760. Anasingiziwa. Alichokataza, watu wa tabaka lake walikwisha kukiacha siku nyingi.

Ushahidi umo kwenye barua. Terttu Nevalainen na Helena Raumolin-Brunberg, wa Chuo Kikuu cha Helsinki, pamoja na wenzao, walikusanya barua za Waingereza za karne ya 15 hadi ya 17, maneno yapatayo milioni 2.7, wakaangalia nani aliandika nini: cheo chake, jinsia yake, makazi yake. Katika kuacha vikanushi vya ziada, wanaume wenye vyeo na taaluma walitangulia, wakiwemo waliopanda kutoka familia duni. Watu wa tabaka la chini walichelewa. Wanawake nao walichelewa, jambo la ajabu, kwani mabadiliko mengi ya Kiingereza cha enzi hiyo yaliongozwa na wao. Maelezo yanayoniridhisha ni haya: kutumia "any" mahali pa kikanushi cha pili kulizoeleka mapema katika maandishi ya sheria na serikali, na ofisi yalikoandikwa, sawa na shule za Kilatini, hazikumpokea mwanamke.

Kwa upande wa jinsia, mambo yamegeuka tangu hapo. Katika utafiti wa mwanaisimu Walt Wolfram kuhusu Wamarekani weusi wa Detroit, uliochapishwa mwaka 1969, ukanushi maradufu ulizidi kadiri tabaka lilivyoshuka, na wanaume ndio walioutumia zaidi, wanawake waliukwepa.