Mkanda Mmoja, Picha 36, Sisi Wawili

Hebu chukua simu yako sasa hivi. Ina picha ngapi? Yangu ina zaidi ya 6,000: sahani za chakula, kucha, harusi za mashosti, mume wangu kalala mdomo wazi. Sasa niulize ni ngapi nimewahi kurudi kuziangalia. Jamani, tuyaache hayo.

Ndivyo tulivyokuwa mimi na mwenzangu. Miaka minne ya ndoa, kazi nzuri, nyumba ya kupanga Sinza, na kila jioni tuko kochi moja, kila mtu na simu yake. Hatukuwa na ugomvi. Tulikuwa kimya tu, na kimya kile kilianza kunitisha kuliko ugomvi.

Kilichotutoa huko ni kamera ya zamani. Tena ilitutoa kwa kutuharibia kwanza.

Zawadi ya mkwe

Tulikuwa Tanga, likizo ya wiki moja kwa wazazi wangu. Baba, mwalimu mstaafu, akatoa kabatini boksi la viatu. Ndani mna Zenit-E, kamera ya Kirusi iliyoanza kutengenezwa mwaka 1965, nzito kama tofali. Hakunipa mimi mwanawe, akampa mume wangu.

"Mkwe, hii haitaki betri," akamwambia kwa maringo. Na kweli haitaki. Kipima mwanga chake kinajiendesha kwa mwanga wenyewe.

Mume wangu akanogewa. Tukakubaliana simu zikae kwenye begi wiki nzima. Mkanda mmoja, picha 36, basi. Kila moja tuliijadili: Baba akimwagilia michungwa, Mama akikuna nazi, mbuzi wa jirani akila kanga iliyoanikwa. "Tuipige hii?" "Hapana, subiri jua lishuke." Muda mrefu hatukuwa tumeongea hivyo.

Tuliporudi Dar tukaupeleka mkanda kwa fundi mmoja wa Kariakoo ambaye bado anasafisha filamu. Akatutolea mkanda mtupu mwanzo hadi mwisho, unaona upande wa pili kama mfuko wa nailoni. Mume wangu alipoweka filamu, ncha yake haikushika. Kamera ililia "kacha" mara 36 na filamu haikusogea hata kidole.

Nilimkasirikia vibaya. "Ungetumia simu tu!" nikamwambia, pamoja na mengine ambayo sitayaandika hapa. Usiku huo umeme ukakatika, na simu zote mbili hazina chaji. Tukalala gizani kila mtu kageukia upande wake. Baadaye nikamsikia: "Unaikumbuka ile ya mbuzi na kanga?"

Nikacheka, nikashindwa kununa tena. Tukaanza kuzitaja moja moja. Tulifika 29. Picha 29 ambazo hazipo popote, tukizikumbuka mpaka kivuli kiliangukia wapi! Katika picha nilizopiga kwa simu mwezi uliotangulia, sikukumbuka hata tatu.

Siri iko wapi?

Nadhani ni kwamba filamu inakulazimisha uchague. Huwezi kuchungulia picha ikoje wala kuifuta, kwa hiyo macho yako yanabaki kwa mtu aliye mbele yako. Wazee wetu walilijua hili. Zanzibar, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na enzi hizo kwenda studio ilikuwa shughuli: unaoga, unavaa, unatulia. Picha moja inatosha kwa miaka.

Halafu mambo yakabadilika, na kichekesho ni kwamba kamera ya kidijitali ya kwanza ilitengenezwa na mhandisi wa Kodak, Steven Sasson, mwaka 1975. Januari 2012 Kodak hiyohiyo, mfalme wa filamu, iliomba kinga ya mufilisi mahakamani. Lakini filamu haikufa. Mwaka 2024 Pentax ilileta kamera mpya kabisa ya filamu, Pentax 17, inayopiga nusu fremu, hivyo mkanda wa picha 36 unakupa 72. Wateja wake wengi si wazee, ni vijana kama sisi waliochoka kuvuta skrini.

Nisikudanganye, si starehe ya bei rahisi. Filamu ni ghali na mafundi ni wachache. Ndiyo maana sisi hatuzidishi mkanda mmoja kwa miezi miwili.

Tukarudi Tanga

Mwezi uliofuata tukapanda basi na mkanda mpya. Safari hii Baba alitaka ifanyike kama studio. Akavaa suti, Mama akabadilisha gauni mara mbili, wakasimama ukutani kama kwenye picha yao ya harusi. "Baba, tazama huku," mume wangu akamwambia. Mzee hakutazama. Alikuwa anamtazama Mama. Kacha!

Baba alifariki mwaka uliofuata. Picha ile iko ukutani kwa Mama. Kila nikiiona nawaza: ule mkanda wa kwanza ungetoka vizuri, tusingerudi.

Mkitaka kuanza

• Kabla ya kununua kamera ya mtumba, mulika lenzi kwa tochi. Hewa ya Pwani huotesha ukungu ndani.

• Mkishaweka filamu, kazeni ulegevu wake, halafu mnapovuta kwenda picha inayofuata tazameni kitufe cha kurudishia filamu. Kikizunguka, filamu inatembea. Kisipozunguka, mtalia kama sisi.

• Juani, na filamu ya ISO 400, wekeni lenzi namba 16 na kasi 1/500. Kivulini fungueni lenzi zaidi.

• Msiache filamu ndani ya gari lililoegeshwa juani. Joto linaiharibu.

• Uwanja wa ndege, ombeni mkanda ukaguliwe kwa mkono. Mashine za kukagulia mizigo zinaweza kuuunguza.

• Mtafuteni fundi wa kusafisha kabla ya kununua filamu. Na mkichukua picha, dai negativu zako. Hizo ndizo mali.

Simu bado tunazo, hatujawa watawa. Ila Jumapili moja kila mwezi zinaingia droo, Zenit ya Mzee inatoka, na tunatembea, mara Coco Beach, mara sokoni tu. Juzi mume wangu alisimama dakika tano nzima akinitazama kupitia kamera, halafu akaishusha bila kupiga.

"Mbona hupigi?" nikamuuliza.

"Zimebaki mbili," akasema. "Nilikuwa nakuangalia tu."

Na wewe, mwenzako alikuangalia hivyo lini mara ya mwisho?